Umemaliza mizigo Bangkok? Nenda Ayutthaya kabla ya ndege

Wengi wetu tunaofuata nguo Bangkok tunalijua soko la Pratunam mpaka vichochoro vyake. Tukishafunga mizigo tunajilaza hotelini kungoja ndege. Siku hiyo ya kungoja inatosha kwenda Ayutthaya, mji mkuu wa zamani wa Siam (Thailand ya leo), kilomita 80 hivi kaskazini. Mji ulianzishwa mwaka 1350, jeshi la Burma likauteketeza 1767, na magofu yake yamo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 1991. Mahekalu ni mengi mno. Chagua manne tu. Anayekimbilia kumi hurudi na picha za matofali asizoweza kuzitofautisha.

Panda treni ya kawaida ya alfajiri. Daraja la tatu nauli yake ni ndogo kuliko bei ya sahani ya wali, madirisha yako wazi, na wachuuzi wa chakula hupita katikati ya viti. Ukishuka, zile bajaji zinazokuita hapo stesheni ziache kwanza. Vuka barabara, nyoosha hadi mtoni, upande kivuko kidogo. Ng'ambo ndiko kisiwa chenye mji wa kale, kilichozungukwa na mito mitatu. Kodi baiskeli, na ujaribu breki kabla ya kutoa pesa.

Mavazi: mabega na magoti yafunikwe, hata kwenye magofu yasiyo na paa. Mimi hubeba kanga moja mkobani, inatosha kwa bega, kwa jua na kwa kukalia. Vaa ndala au viatu vya kuvulika upesi. Beba baht za noti ndogo kwa ajili ya tiketi za mlangoni, na maji mengi, hasa Aprili, mwezi ambao joto lake si la mchezo. Kati ya Novemba na Februari hali ni nafuu.

Anza na Wat Mahathat (wat ni hekalu) milango inapofunguliwa, saa 2 asubuhi, kabla ya mabasi ya watalii. Hapo ndipo kilipo kichwa cha Buddha cha mawe kilichokumbatiwa na mizizi ya mti wa jamii ya mkuyu. Ukitaka kupiga picha nacho, chuchumaa au kaa chini, kichwa chako kisiwe juu ya chake. Walinzi wapo na watakukumbusha. Utaona pia safu za sanamu zisizo na vichwa. Nyingine zilivunjwa vitani, nyingine zilikatwa baadaye na wezi wa mambo ya kale. Usisimame nyuma ya mojawapo ukaweka kichwa chako juu ya shingo yake ili watu wacheke. Kwa wenyeji huko ni kumdhihaki Buddha. Kuta nazo usizipande.

Ng'ambo ya barabara ni Wat Ratchaburana, na hapa usiwe na haraka. Ndugu wawili wa kifalme waligombea kiti, wakapigana juu ya tembo, wakafa wote wawili. Ndugu wa tatu akatawala, na mwaka 1424 akalijenga hekalu hili kwa kumbukumbu yao. Mwaka 1957 wezi walichimba chumba kilichofichwa ndani ya mnara wakatoka na dhahabu. Sehemu iliyookolewa iko kwenye jumba la makumbusho la Chao Sam Phraya, mwendo mfupi kwa baiskeli. Ngazi za kuteremkia chumbani ni nyembamba na zimesimama wima. Mwenye kuogopa sehemu zenye kubana aishie juu.

Mchana, jua likiwa kali, rudisha baiskeli uchukue bajaji kwenda Wat Phanan Choeng, nje ya kisiwa. Hili si gofu, watu wanaabudu humo. Sanamu yake ya Buddha aliyeketi ina urefu wa mita 19 hivi, na ilikuwepo kabla ya mji wenyewe. Wachina huiita Sam Pao Kong, jina wanalomwitia pia Zheng He, yule amiri wa China ambaye meli zake zilifika Malindi karne ya 15. Vua viatu na kofia, ukikaa kunja miguu ili nyayo zisielekee sanamu, na usipite mbele ya mtu anayesali. Mwanamke asimguse mtawa wala asimpe kitu mkono kwa mkono. Waislamu wenzangu huuliza kama ni lazima kuinama. Hakuna anayekulazimisha, kaa pembeni kwa utulivu, inatosha.

Usinunue sanamu ya Buddha ukaitia kwenye mzigo. Kuitoa Thailand kunahitaji kibali cha Idara ya Sanaa, na mzigo wako wote unaweza kuzuiwa kwa ajili ya kitu kimoja.

Jioni ni ya Wat Chaiwatthanaram, ukingo wa magharibi wa mto Chao Phraya, iliyojengwa 1630. Simama upande wa mtoni, jua likishuka nyuma ya minara. Utakuta wasichana wa Kithai wamevaa mavazi ya zamani ya kukodi wakipigana picha. Omba ruhusa kabla ya kuwapiga. Patana na mwenye bajaji akusubiri, maana huko kupata nyingine jioni ni shida.

Mwambie akupitishe barabara ya U Thong, karibu na hospitali, ukanunue roti sai mai: chapati laini nyembamba za kuviringishia nyuzi za sukari. Wauzaji wengi ni Waislamu wa hapo hapo, kwa hiyo halali yake haina maswali. Nyuzi hizo hunyonya unyevu upesi zikashikamana, kwa hiyo uzile ndani ya treni ya kurudi, usizipeleke Dar.