Shokapu za upepo: zimekufa kweli au zinasingiziwa?

Ukikuta asubuhi gari imelala kona moja usikimbilie kununua shokapu, maana ile kitu ina mambo mawili ndani, kuna puto la mpira linalobeba gari na kuna shokapu yenyewe ya oili inayozuia isinesenese, na kila kimoja kinakufa kwa wakati wake.

Mara nyingi puto ndo linatangulia, mpira ukizeeka unapasuka kwenye mikunjo. Kupima ni rahisi tu: jioni paki pahali tambarare, pima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa bodi juu ya tairi, kona zote nne, asubuhi rudia kabla hujawasha. Ikishuka kidogo pande zote sawa wala usihangaike, ila kona moja ikizama peke yake, kuna upepo unatoka. Washa ipande, pulizia maji ya sabuni kwenye puto, bomba na maungio (usiingie chini ya gari hata kichwa, ikishuka ghafla inakubana). Povu likitokea kwenye mpira, puto limeisha. Likitokea kwenye bomba au nati, shokapu yako nzima kabisa, na hapa ndo wengi wanaliwa hela. Ukikosa povu kote basi shuku valvu, yaani vile vilango vinavyofungua na kufunga upepo kwenda kwenye kila puto.

Halafu sikiliza kompresa, ile pampu inayojaza upepo kwenye maputo. Ikiwa inaunguruma kila saa ujue inajaza kitu kinachovuja, na haikutengenezwa kufanya kazi mfululizo, itaungua, kwa hiyo ukizubaa na puto utanunua na kompresa juu yake.

Ya oili ikifa dalili zake zingine: gari inasimama vizuri tu, lakini ukivuka tuta inanesa nesa ndo itulie, ukikanyaga breki pua inainama, tairi zinaliwa mabonde mabonde, na ukichungulia shokapu imelowa oili. Hapo hakuna cha kuongeza upepo, badilisha, tena mbili kwa pamoja, za mbele zote au za nyuma zote, la sivyo upande mmoja utakuwa mgumu mwingine laini.

Siku ya kufunga, fundi azime mfumo wa upepo kabla ya kupiga jeki, na akimaliza ajaze puto kwanza ndo ashushe gari, akiibwaga juu ya puto tupu mpira unajikunja vibaya na unaweza kupasuka ukiwa mpya.