Mchore mdudu angali mtoto: namna ya kutengeneza kijitabu cha picha cha bustani ya mboga na wadudu marafiki

Wakulima wa mboga wa hapa Tabora wanamfahamu vizuri yule mbawakawa mdogo mwekundu mwenye madoa meusi. Akitua mkononi wanamwacha atembee mpaka aruke mwenyewe. Anayepondwa ni mtoto wake. Lava wa mdudu huyu si mwekundu wala si wa mviringo. Ni mweusi au wa kijivu, mrefu, ana madoa ya rangi ya chungwa na miguu sita karibu na kichwa, anatambaa juu ya jani kama mamba mdogo. Mtu akimkuta kwenye kabichi iliyojaa vidukari, wale wadudu mafuta wanaonyonya mboga, anadhani ni mharibifu mwingine, anambonyeza kwa kidole. Hapo amemuua aliyekuwa anamlindia kabichi.

Mimi ni mwalimu wa sayansi wa shule ya msingi hapa manispaa. Nasimamia bustani ya shule, na jioni nina matuta yangu mwenyewe mbugani, yaani kule bondeni. Kijitabu changu cha kwanza nilikitengeneza kwa ajili ya wanafunzi, lakini kikaishia mikononi mwa wazazi, maana wao ndio wanaobeba bomba la dawa. Naandika haya kwa yeyote anayetaka kutengeneza cha kwake, awe mwalimu, afisa ugani, kikundi cha akina mama au kijana mwenye simu na kalamu. Shauri langu kubwa ni hili: usichore mdudu kamili peke yake. Chora yai, lava, pupa (lava aliyetulia akigeuka kuwa mdudu kamili) na mdudu kamili, juu ya jani anapoishi, akila anachokula.

Kusanya kabla ya kuchora

Wakati mzuri wa kukusanya ni kiangazi. Mvua ikishakatika, kuanzia Mei hadi Oktoba mboga nyingi zinalimwa mbugani na kandokando ya visima, zinamwagiliwa kwa ndoo. Miezi hiyo vidukari na utitiri mwekundu huongezeka kwa kuwa hakuna mvua ya kuwaosha majanini, na wadudu wanaowala huwafuata. Nenda asubuhi mapema. Wadudu bado wana baridi, hawakimbii, na maua ya maboga yamefunguka. Ukichelewa hadi saa sita utayakuta yamejifunga.

Chagua mche mmoja wenye vidukari, ufunge kitambaa cha alama, na uwaombe wenzako wasiupulizie chochote. Urudie mche huohuo kila unapoweza na upige picha ya jani lilelile. Mfululizo wa picha za jani moja utakufundisha mambo ambayo picha nzuri za majani tofauti hazikufundishi, kwa sababu utaona nani alikuja, nani aliliwa na nani alibaki.

Mama mmoja ninayepakana naye matuta aliniita siku moja kwenye sukuma wiki yake. "Mwalimu, hawa wadudu mafuta nimeshawazoea, lakini hawa weusi ndio wanaonimalizia mboga." Nikamwambia, "Mama, hebu tuchuchumae kidogo tuone wanakula nini." Lava mmoja alikuwa anapita pembeni mwa kundi la vidukari. Akamgusa mmoja kwa kichwa, akambana, akamnyanyua mpaka miguu ikaachia jani. Kidukari akawa anapapasa hewani. Tumbo lake la kijani likanywea, likajaa kidogo, likanywea tena, mpaka ikabaki ngozi nyeupe iliyokunjamana. Lava akaidondosha, akamwendea wa pili. "Kumbe!" alisema yule mama, akaanza kugeuza majani mengine moja baada ya jingine kuwatafuta waliosalia. Ukurasa wa kwanza wa kijitabu changu ulitoka pale: lava, kidukari aliyenyanyuliwa, na ngozi tupu mbili zimelala jirani.

Nani awemo

Usijaze wadudu wengi. Wachache wanaoeleweka wanatosha, na kigezo changu ni kwamba anayeuawa kwa kutojulikana ndiye anayestahili ukurasa mzima.

Baada ya mbawakawa mwenye madoa, mpe nafasi inzi wa maua. Amevaa mistari ya njano na nyeusi ya nyigu, anaelea hewani mahali pamoja, lakini ana mabawa mawili tu wakati nyigu na nyuki wana manne. Lava wake hana miguu kabisa. Ni kijidudu laini cha kijani au kinachopitisha mwanga, kimechongoka upande wa kichwa, kinakaa katikati ya vidukari na kuwanyonya. Mkulima akimwona anafikiri ni kiwavi.

Yupo pia mdudu mwembamba wa kijani, mwenye mabawa ya wavu na macho ya rangi ya dhahabu, anayekuja kwenye taa usiku. Mayai yake lazima yachorwe, kwa sababu kila yai limesimama juu ya uzi mwembamba kwenye jani, na watu huyafuta wakidhani ni ukungu. Lava wake ana taya mbili ndefu zilizopinda, na hula vidukari, mayai ya nondo na viwavi wachanga.

Kisha nyigu wadogo, ambao wengine ni wadogo kuliko kichwa cha pini. Hawa hutawaona kirahisi, kwa hiyo chora kazi yao. Kidukari aliyetagiwa yai na nyigu huvimba, hugeuka rangi ya kahawia isiyokolea, huwa mkavu na hatembei tena. Nyigu akikomaa ndani yake hutoboa tundu la mviringo mgongoni na kutoka. Jani lenye vidukari wa namna hiyo lisichomwe wala lisizikwe, liachwe pale pale. Vivyo hivyo kiwavi aliyebeba vifuko vidogo vyeupe au vya njano mgongoni au ubavuni: vile vifuko ni pupa wa nyigu, si mayai ya kiwavi. Hiki ni kitu ambacho watu wengi hukataa kuamini mpaka uweke kiwavi huyo kwenye chupa ya kioo, uzibe kwa kitambaa, nao wenyewe waone kinachotoka.

Sasa angalizo ambalo kijitabu kizuri hakiwezi kuliacha. Wapo mbawakawa wenye madoa wanaokula majani. Utawakuta kwenye maboga, matango, biringanya na mnafu. Mgongo wao haung'ai, una vinyweleo vifupi, na madoa yao ni mengi. Lava wao ni wa njano mwenye miiba yenye matawi, na jani analolila hubaki mishipa mitupu. Mweke kwenye ukurasa unaotazamana na wa rafiki, picha za ukubwa mmoja, ili jicho lilinganishe bila maelezo. Ukiacha jambo hili, msomaji wako ataona biringanya zake zinaliwa na "rafiki", na hatakiamini kijitabu chako tena.

Sisimizi wanaopanda na kushuka kwenye mche wenye vidukari wachore pia. Wanafuata utamu unaotolewa na vidukari, na kwa ajili hiyo huwafukuza wanaokuja kuwala. Buibui na vunjajungu wanajulikana. Nusu ukurasa inawatosha, ila ueleze kwamba buibui ana miguu minane, kwa hiyo kwa darasa letu si mdudu.

Nyuki hapa kwetu hawahitaji kutambulishwa. Kinachohitajika ni ua la boga. Chora ua la kike lenye kiboga kichanga chini yake, na ua la kiume lenye kikonyo kitupu, halafu nyuki mwenye chavua akitoka la kiume kwenda la kike. Watu wengi wanaolalamika kwamba viboga vinanyauka na kudondoka hawajawahi kuambiwa kuwa viliharibika kwa kukosa mgeni asubuhi. Kwenye ukurasa wa nyanya na biringanya mweke yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa mbao za paa. Maua ya jamii hiyo hutoa chavua vizuri yakitikiswa, naye hulishika ua na kulitikisa kwa misuli ya mabawa. Nyuki wetu wa asali hana ujuzi huo.

Mkono wako usiwe na haraka

Huhitaji kuwa mchoraji. Piga picha kwa simu, chagua iliyo kali, uichapishe, uibandike kwenye kioo cha dirisha wakati wa mchana, uweke karatasi nyeupe juu yake na ufuatishe kwa penseli. Kisha pitisha kalamu ya wino mweusi na ufute penseli. Kwa nini usiweke picha yenyewe? Kwa sababu kijitabu chako kitatolewa fotokopi, na fotokopi ya picha ya mdudu mweusi kwenye jani la kijani ni doa jeusi. Mistari ya wino hudumu hata kopi ikitolewa juu ya kopi.

Hesabu sehemu za mwili: kichwa, kifua, tumbo. Miguu yote sita na mabawa yote hutoka kifuani. Wanafunzi wangu hupenda kuotesha miguu tumboni, na picha ya namna hiyo humpotosha anayekwenda kulinganisha na mdudu aliye hai.

Ukubwa ni jambo la kusimamia kwa nguvu. Ukimkuza mdudu ajae ukurasa, mkulima atakwambia kwa dhati kwamba shambani kwake hakuna wadudu wakubwa hivyo. Kando ya kila picha iliyokuzwa chora mdudu yuleyule kwa ukubwa wake halisi, pembeni mwa punje ya mchele. Njiti ya kiberiti inafaa kwa walio wakubwa zaidi. Chini ya picha acha mstari mtupu ili kila mtu aandike jina analotumia nyumbani kwake.

Maneno yasizidi mistari mitatu: huyu ni nani, anakula nini, ufanye nini ukimwona. Kabla ya kuchapa, mwombe afisa ugani wa kata akusomee. Hapa Tabora tuna pia kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Tumbi, na kwa mambo ya nyuki kipo Chuo cha Ufugaji Nyuki.

Kurasa za mboga zenyewe ziwe fupi. Tuta la upana wa mita moja ili ulifikie kila upande bila kulikanyaga, kabichi kwa sentimita 60 kwa 45, samadi iliyooza, matandazo, na mchoro wa kubadilisha mazao ukionyesha kwamba nyanya, biringanya, nyanya chungu, pilipili na mnafu ni ukoo mmoja usiofuatana kwenye tuta moja. Ongeza picha ya pembe ya bustani iliyoachiwa giligilani na mrehani vitoe maua. Inzi wa maua na nyigu wadogo hula chavua na nekta wakishakuwa wakubwa, na bila maua hawakai.

Ukurasa wa dawa

Usiuruke. Chora lebo ya chupa yenye ukanda wa rangi chini: nyekundu, njano, bluu, kijani, kutoka sumu kali kushuka. Eleza kwamba rangi hizo zinapima hatari kwa mtu. Ukanda wa kijani hauna maana kwamba nyuki watapona. Chora jua likizama na mtu akipulizia jioni, nyuki wakiwa wamesharudi mzingani, na msalaba juu ya bomba linaloelekezwa kwenye maua. Na kwa mkoa wetu wa tumbaku, andika kwa herufi kubwa: dawa uliyopewa kwa ajili ya tumbaku isiguse mchicha. Mboga inaliwa baada ya siku chache, na watoto ndio wa kwanza kuila.

Maji ya sabuni nayo yapewe mipaka. Yanaua kila mdudu laini yanayomgusa, lava wa inzi wa maua akiwemo. Geuza jani kwanza. Ukikuta walinzi, wape nafasi.

Kujaribu na kuchapa

Karatasi nne za A4 zikikunjwa katikati zinatoa kurasa 16. Kunja kwanza karatasi tupu, andika namba za kurasa, kisha zifungue. Utaona ukurasa wa 1 umekaa pamoja na wa 16, wa 2 pamoja na wa 15, na hivyo ndivyo utakavyopanga michoro. Pigilia pini mbili mkunjoni, au shona kwa uzi mnene.

Kabla ya kutoa kopi nyingi, mpe mtu asiyehusika, umfunike maandishi, umwulize, "Unaona nini hapa?" Usimsaidie. Akisema mdudu anakula jani wakati wewe ulichora anakula kidukari, mchoro ndio ubadilike. Mzee mmoja alitazama ukurasa wangu wa vidukari waliovimba akasema ni mbegu za mchicha. Niliongeza miguu na tundu la kutokea, na aliyefuata akaelewa mara moja.

Peleka nakala kwenye duka la pembejeo pia, kwa idhini ya mwenye duka, maana pale ndipo uamuzi wa kununua dawa unapofanyika. Gawa nyingine pamoja na penseli, na uzikusanye msimu ukiisha. Yaliyoandikwa pembeni ndiyo yatakayokuongoza kwenye toleo lijalo. Kwangu waliuliza sana kuhusu kantangaze, nondo wa nyanya aliyeingia nchini mwaka 2014 na asili yake ni Amerika ya Kusini. Ukurasa wake ninauchora sasa: njia pana za kiwavi ndani ya jani zinazoonekana ukiliinua juani, kinyesi cheusi ndani yake, na tundu dogo karibu na kikonyo cha nyanya.