Kutibu ukuta wa gofu la mawe na chokaa, Kilwa hadi Mikindani

Kuta za magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, na hata nyumba nyingi kongwe za Mikindani, pwani ya kusini ya Tanzania, zina umbo moja: nyuso mbili za mawe ya matumbawe, na katikati vipande vya mawe vilivyoshindiliwa kwa chokaa. Paa lilikuwa sakafu nzito ya chokaa juu ya boriti za mikoko. Boriti zikioza au zikichomolewa, paa linaporomoka na kichwa cha ukuta kinabaki wazi. Hapo ndipo maradhi yanapoingilia. Mvua inapenya hadi katikati, inaosha chokaa, vipande vinashuka na kujirundika chini, uso mmoja unatoka tumbo, na mwisho unamwagika. Kwa hiyo anza juu, hata kama ufa unaokutisha uko chini.

Pata kibali kwanza. Magofu yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ni Urithi wa Dunia tangu 1981. Kisha piga picha kila upande, teremsha timazi (uzi wenye uzito wa kupimia wima), na gonga ukuta taratibu kwa mpini wa nyundo. Ukilia kama mtungi mtupu, uso umeachana na kiini. Weka alama ya chaki. Penye tumbo, egemeza nguzo kabla hujachokonoa hata kiungo kimoja.

Miche midogo ing'olewe ukuta ukiwa umelowa. Mti uliokomaa usivutwe kamwe: kata shina, acha mzizi ufie ndani, kwa sababu mara nyingi mzizi ndio uliobaki ukishika mawe. Ukishaoza unaacha tundu, nalo lijazwe chokaa, basi panga kurudi.

Chokaa ndiyo roho ya kazi. Tia maji kwanza kwenye pipa la chuma, kisha ongeza chokaa mbichi iliyotoka tanuri kidogo kidogo. Ukifanya kinyume, inachemka na kuruka machoni. Vaa miwani na glavu. Ichekeche, ifunike kwa maji, iache angalau mwezi. Miezi mitatu ni bora zaidi. Mchanga uwe wa mtoni, wenye chembe kubwa na ndogo. Wa ufukweni una chumvi, na chumvi ikikauka ndani ya jiwe hutengeneza fuwele zinazolimong'onyoa. Kipimo ni ndoo 1 ya chokaa kwa ndoo 3 za mchanga. Ukiona mchanganyiko mkavu, usikimbilie maji: ponda na ukande, utalainika wenyewe.

Simenti usitie, hata kiganja. Jiwe la tumbawe lina vinyweleo na ukuta huu unapumua kupitia viungo vyake. Simenti inaziba njia hiyo, unyevu unatokea kwenye jiwe, jiwe linaliwa na simenti inabaki imetuna peke yake. Kuna kuta zilizosimama karne nyingi ambazo uharibifu wake wa haraka ulianza siku ya "ukarabati".

Kichwani, toa udongo na mawe yaliyolegea, yapange chini kwa mfuatano ule ule. Lowesha ukuta jioni ya kuamkia kazi, na tena asubuhi. Rudisha mawe, kisha weka kofia ya chokaa yenye mgongo ili maji yateleze. Viungo vikwanguliwe sentimita 3 hadi 4, vioshwe vumbi, vilowe, ndipo usindilie chokaa kwa mwiko mwembamba. Uwazi mpana ubane kwa vijiwe. Chokaa tupu ikiwa nene hupasuka. Usizidishe milimita 15 kwa mkupuo mmoja.

Fanya kazi kuanzia Juni, umalize wiki kadhaa kabla ya mvua za mwisho wa mwaka. Chokaa hugandishwa na hewa polepole ikiwa na unyevu. Jua na upepo wa kusi vikiikausha upesi inabaki unga unaokwanguka kwa kucha. Funika kwa magunia mabichi, nyunyizia asubuhi, mchana na jioni, siku 7 kwa uchache.

Ukuta wa ufukweni una adui mwingine. Gereza la Kilwa Kisiwani, ngome iliyoanzishwa na Wareno 1505 na kujengwa upya na Waomani, bahari imekwisha kula sehemu yake. Mawimbi yakifika kwenye msingi, kofia haisaidii: mikoko iliyo mbele ya ukuta isikatwe, na palipokatwa ipandwe upya.