Kabla ya kuijaribu mota ya kifaa tiba kwa hitilafu za umeme

Mashine utakayoijaribu, yaani kuipa kwa makusudi umeme mdogo au uliozidi uone mota yake inavyofanya, isiwe ile inayosubiriwa wodini. Chagua iliyokwisha kuondolewa kwenye matumizi, ibandike karatasi ya MAJARIBIO TU, na uisafishe kwa dawa kabla ya kuifungua. Mashine ya kufyonza makohozi huwa na mambo yake ndani.

Chukua vipimo ikiwa bado nzima, la sivyo baadaye hutakuwa na cha kulinganisha. Koili ipimwe ukinzani ikiwa imepoa, na joto la chumba liandikwe hapo hapo. Ukinzani wa shaba hupanda kwa karibu asilimia 0.39 kwa kila nyuzi 1 ya Selsiasi. Koili iliyosoma omu 50 kwenye nyuzi 30, ikisoma omu 60 mara tu baada ya kuzimwa, basi ndani imefika nyuzi 80 na ushei, hata kama kwa nje bado inashikika. Insulesheni (ganda linalozuia umeme kuvuja kwenye nyaya) nayo ipimwe kwa mega, kipimo chake maalumu, ya volti 500, bodi za elektroniki zikiwa zimechomolewa. Kwa unyevu wa Dar, hasa masika, mashine iliyolala stoo ikaushwe kwanza, usije ukaibebesha hitilafu yako lawama za mvua.

Wengi hujiandaa kwa umeme kuzidi. Mimi nawaambia vijana wajiandae zaidi kwa umeme mdogo. Nguvu ya kuzungusha ya mota ya induksheni hufuata mraba wa volteji: volti 230 zikishuka hadi 184, inabaki asilimia 64 tu. Kompresa ya mashine ya oksijeni ikishindwa kuondoka, inanguruma palepale huku ikivuta ampea mara kadhaa ya kawaida. Valvu ya sumaku inayotumia umeme wa AC (mkondo geu) nayo, pini yake isipoingia hadi mwisho, mkondo haushuki, na koili inaweza kuungua bila fyuzi kukatika.

Kwa hiyo tafuta variaki (transfoma ya kupandisha na kushusha volti kwa mkono) inayohimili ampea za kuwashia, na uitangulizie transfoma ya kutenganisha, kwani variaki peke yake haikutengi na laini ya umeme. Shusha volti kumi kumi. Swichi ya joto iliyomo ndani ya mota usiifunge dairekti ili jaribio liendelee. Ikikata, hilo ndilo jibu, liandike pamoja na muda wake. Kapasita itolewe chaji kwa rezista, si kwa bisibisi. Fyuzi za akiba, za ampea ileile, zinunuliwe mapema Kariakoo. Mtungi wa kuzimia moto wa kaboni dioksidi uwe karibu, na mtu wa pili asimame kwenye swichi kuu, simu yake ikiwa mfukoni.