Shajara ya mtoto: anza na daftari la kurasa 48

Mwambie mtoto wa darasa la tatu "andika siku yako ilivyokuwa", naye atakuletea hivi: "Leo niliamka mapema. Nilipiga mswaki. Nilikunywa chai. Nilikwenda shule. Nilifurahi sana." Kesho yale yale, keshokutwa daftari halionekani. Si uvivu. Siku nzima haienei kwenye nusu ukurasa, kwa hiyo anataja vichwa vya mambo tu. Mpunguzie mpaka abaki na kitu kimoja.

Kwanza daftari. Chukua la kawaida lenye mistari, kurasa 48. Kaunta buku iache dukani. Akijaza ukurasa mmoja kwa siku, siku 4 kwa wiki, litaisha katika wiki 12, na aliyewahi kumaliza daftari lake huomba jingine. Penseli ya HB inatosha, ila ufutio ubaki kwenye begi la shule. Akiwa nao atafuta mpaka karatasi itoboke, dakika ziishie kwenye sentensi ya kwanza. Akikosea neno, alikate kwa mstari mmoja aendelee.

Muda ni dakika 10, saa ile ile, mfano akishaoga jioni kabla chakula hakijaiva. Akishashiba atasinzia. Siku 4 kwa wiki zinatosha, na usimwandikishe kama adhabu hata mara moja ("kaandike kwa nini umempiga mdogo wako"), maana daftari litanuka adhabu siku zote.

Wa miaka 4 hadi 6 asimulie, wewe uandike vile vile alivyotamka, kisha umsomee na yeye achore. Wa miaka 7 na 8, sentensi 3 na mchoro. Kuanzia 9, nusu ukurasa na kuendelea.

Kazi kubwa iko kwenye swali unalouliza kabla hajashika penseli. Tuseme ameandika: "Tulikwenda sokoni. Kulikuwa na watu wengi." Usimwambie aongeze maneno. Muulize: ni mtu gani mmoja unamkumbuka? Muuza dagaa. Alikuwa anafanya nini? Anapepea nzi. Anapepea kwa kutumia nini? Kwa kipande cha boksi, huku anasinzia. Hapo mwambie aandike hayo aliyoyasema sasa hivi: "Muuza dagaa alikuwa anapepea nzi kwa boksi huku anasinzia. Akisinzia, nzi wanarudi." Hiyo sentensi ya mwisho hukumpa wewe. Maswali mengine yanayofanya kazi: nini kilinuka leo? Nani alisema neno lililokuchekesha, na alilisemaje hasa? Nini kilikuwa mahali pake jana na leo hakipo?

Siku ambayo hakuna la kusimulia, tegeaneni vitendawili, lakini vya kutunga. Achague kitu cha nyumbani akieleze bila kukitaja. Pasi ya mkaa inaweza kuwa "meli yangu hubeba moto ikasafiri juu ya nguo". Akikwama, muulize kitu hicho kinakula nini, kinaogopa nini. Mkubwa kidogo mpe hadithi ya sungura na fisi anayoijua, safari hii msimulizi awe fisi. Paukwa, pakawa, na fisi ajitetee. Watoto huchangamka sana hapa, kwa sababu anayeonewa kila siku amepewa nafasi ya kusema.

Kalamu nyekundu isiguse daftari hili. Ukisahihisha tahajia, mtoto ataanza kuchagua maneno anayoyamudu kuyaandika na kuacha yale anayoyataka. Akiandika "kurara" badala ya "kulala", lihifadhi kichwani, mtalicheza siku nyingine. Chini ya alichoandika weka mstari mmoja wa msomaji: "Je, yule muuza dagaa aliamka?" Vivyo hivyo, maneno ya bibi yabaki kwa lugha aliyoyasemea bibi, Kisukuma au Kikamba. Na jua la insha, lile "lililochomoza kwa madaha", mwache alitumie mara mbili tatu, litakwisha lenyewe.

Kuhusu siri, wekeni kanuni siku ya kwanza: ukurasa uliokunjwa katikati hausomwi na mtu. Ukiuchungulia mara moja tu, atakachoandika baada ya hapo kitakuwa cha kukufurahisha wewe. Mweleze tangu mwanzo kwamba kuna jambo moja lisilofaa kufichwa, nalo ni mtu kumuumiza au kumgusa vibaya. Hilo amwambie mtu mzima anayemwamini, na namba 116 hupigwa bure Tanzania na Kenya kwa mambo ya watoto. Kurasa nyingine zilizokunjwa ni zake, hata kama ndani kuna mchoro wa gari tu.