Kuomba Kazi na Kuajiri Mtandaoni: Faida, Hatari na Namna ya Kufanya

Mwaka 2025, Mamlaka ya Mapato Tanzania ilipotangaza nafasi 1,596 za kazi, waombaji walizidi 135,000. Tarakimu hizo zinaonyesha uzuri na ugumu wa ajira za mtandaoni kwa pamoja. Kijana aliye Kibondo anaomba sawasawa na aliye Kinondoni, bila nauli wala bahasha ya posta. Lakini kwa kuwa kuomba kumekuwa rahisi kwa wote, anayepokea maombi hulazimika kuchuja kwa haraka, na katika mchujo wa namna hiyo kasoro ndogo ya nyaraka humwondoa hata mwenye sifa zote. Maombi matano yaliyokamilika yana nafasi nzuri kuliko hamsini yaliyotumwa kwa pupa.

Kwa kazi za serikali, maombi mengi hupitia Ajira Portal, mfumo wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Uwe na namba ya Kitambulisho cha Taifa na ujisajili kwa barua pepe yako mwenyewe. Wengi hupeleka shughuli hii steshenari, na si kosa, kwani si kila mtu ana kompyuta. Tatizo huja pale mhudumu anapofungua akaunti kwa barua pepe yake na kubaki na nywila, kisha mwombaji akaitwa kwenye usaili bila kupata habari. Keti karibu naye, andika nywila kwa mkono wako na uitunze.

Soma masharti ya tangazo hadi mwisho. Kwa kawaida nakala za vyeti hutakiwa zithibitishwe na mwanasheria, barua ya maombi iwe na saini, na hati za matokeo hazikubaliwi badala ya vyeti vyenyewe. Aliyesoma nje ya nchi, vyeti vyake vihakikiwe na mamlaka husika: Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) kwa shahada, Baraza la Mitihani (NECTA) kwa elimu ya sekondari. Ikiwa majina yako yanatofautiana kati ya cheti kimoja na kingine, shughulikia hati ya kisheria ya kubadili jina mapema, kwa sababu siku chache za tangazo hazitoshi.

Kampuni binafsi hutumia zaidi LinkedIn, tovuti nyingine za ajira na tovuti zao wenyewe. Huko, rekebisha wasifu wako kulingana na kila tangazo: likitaja kuandaa mizania au kusimamia ghala, na kweli umefanya hivyo, taja kwa maneno hayo hayo. Vijana husema kazi ni konekisheni, na kwa biashara ndogo usemi huo bado una ukweli, kwani nafasi nyingi hujazwa kabla hazijatangazwa. Basi msimamizi wako wa mafunzo kwa vitendo ajue kwamba unatafuta kazi.

Hatari kubwa kuliko zote ni utapeli. Tapeli hunakili nembo ya shirika linalojulikana, husambaza tangazo katika makundi ya WhatsApp, kisha humpongeza mwombaji kwa kazi ambayo hakusailiwa na kumwomba hela ya fomu, ya sare au ya vipimo vya afya, itumwe kwa namba ya simu ya mtu binafsi. Usitume. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 181 wa mwaka 1997 unaweka kanuni kwamba wakala wa ajira asimtoze mfanyakazi. Tangazo lolote lisiloonekana kwenye tovuti rasmi ya mwajiri lichukuliwe kuwa la uongo hadi lithibitishwe kwa kupiga simu ofisini. Kwa kazi za Oman, Saudi Arabia na nchi jirani zake, uliza TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira nchini Tanzania, au Mamlaka ya Taifa ya Ajira nchini Kenya, kama wakala huyo anatambulika, na fanya hivyo kabla ya kumkabidhi pasipoti. Nchini Tanzania namba ya tapeli huripotiwa kwa ujumbe kwenda 15040. Na ukiwa umeshatuma picha ya kitambulisho, piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa jina lako.

Mwajiri naye ana lake. Tangazo linalosema tu «anahitajika mtu mchapakazi» litamletea mamia ya maombi yasiyomfaa. Ataje majukumu, mahali pa kazi, aina ya mkataba na, ikiwezekana, mshahara. Wasifu mzuri siku hizi waweza kuandikwa na programu kwa dakika chache, hivyo atoe jaribio fupi la kazi yenyewe, awapigie wadhamini, na amwone mtu ana kwa ana kabla ya kusaini. Vyeti na vitambulisho awaombe waliopita mchujo peke yao, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 inamtaka akusanye zile tu anazozihitaji, na za waliokosa kazi azifute zikishamaliza haja.