Kukagua shimesikio la mtoto kila asubuhi

Shimesikio, yaani kifaa cha kumsaidia mtu kusikia, linaweza kukaa sikioni kutwa nzima na mtoto asisikie kitu. Mwaka 2015, utafiti wa Marekani kwa watoto wenye usikivu hafifu ulionyesha lugha ikikua vizuri zaidi kwa waliovaa kifaa zaidi ya saa 10 kwa siku. Saa hizo zina maana kifaa kikifanya kazi tu, kwa hiyo kikague kabla hujamvalisha.

Anza na betri. Bandua kibandiko, iache wazi angalau dakika moja ndipo uitie, maana huendeshwa na hewa. Kifuniko kikigoma usilazimishe, huenda umeigeuza. Betri kuukuu usiiache mezani. Mtoto akiimeza huunguza koo, ni hospitali saa hiyohiyo.

Tazama mrija unaopeleka sauti kutoka kwenye kifaa hadi kipande cha sikioni. Matone ya jasho humo huziba sauti, na joto la Tanga au Mombasa huyaleta kila siku. Chomoa mrija kwenye kifaa, upulize ukauke. Kinachooshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni ni kile kipande kinachoingia sikioni. Kifaa chenyewe hakiguswi na maji. Usiku kiweke kwenye kopo lenye mfuniko pamoja na vipakiti vya silika jeli. Betri zibaki nje ya kopo, humo hukauka.

Sasa mvalishe, umpime kwa sauti sita za Daniel Ling, mtaalamu wa kufundisha watoto viziwi: mmm, uu, ii, aa, sh, s. Zima redio, kaa mita 1 kutoka kwake, ficha mdomo kwa karatasi (kiganja huzima s), tumia sauti ya mazungumzo. Ukipaza umejidanganya. Wa miaka 3 adondoshe kizibo bakulini kila asikiapo. Kwa mtoto mchanga, angalia anapoacha kunyonya au kutoa macho. Watoto ni wajanja: ukienda kwa mdundo mmoja watadondosha kwa kukisia, kwa hiyo badilisha muda kati ya sauti na sauti, mara nyingine nyamaza sekunde 10. Kama ana vifaa viwili, pima sikio moja moja.

Akikosa zote, rudia betri na mrija. Akikosa s na sh ambazo jana alizipata, tafuta nta ya sikio kwanza. Isipokuwepo, huenda usikivu umeshuka, na mtoto huyo anaambiwa "sita" akasikia "ita". Andika tarehe na sauti alizokosa, umpelekee mtaalamu wa usikivu.

Kifaa kikipiga mluzi, kipande cha sikioni hakijakaa sawa au kimekuwa kidogo. Wachanga huhitaji kipya kila baada ya miezi michache. Wazazi wengi hupunguza sauti ili mluzi ukome. Mluzi hukoma kweli, na maneno nayo yanapotea.

Kama hata kwa kifaa kizima hapati aa wala uu, aanze lugha ya alama sasa hivi, bila kusubiri upasuaji wala kifaa kingine. Kwa Tanzania, CHAVITA (Chama cha Viziwi Tanzania) ni pa kuulizia mafunzo ya familia.